Maswali ya Wasomaji: Sinema ya Majaribio, Vifaa Vipya na Riziki

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watengeneza filamu wa Dar es Salaam wanaojaribu projekta, kamera za nyuzi 360, picha za pande tatu na miwani ya uhalisia pepe. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Ndugu wahariri, nilikodi projekta ya lumeni 3,000 nikaonyesha kazi yangu ya dakika 12 kwenye ukuta wa ghorofa, Ilala. Picha ilikuwa na upana wa mita 8. Tulianza saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona kitu. Baadaye ikaonekana, ila imepauka. Katikati umeme ukakatika, na uliporudi projekta ikagoma kuwaka. Tatizo ni mashine au ni mimi? *Msomaji wa Buguruni*

JIBU: Pole sana. Mashine huenda ni nzima, hesabu ndiyo iliyokataa. Chukua lumeni, yaani mwanga wote unaotoka kwenye projekta, gawa kwa eneo la picha katika mita za mraba, utapata laksi, yaani mwanga unaotua ukutani. Picha ya upana wa mita 8 kwa umbo la 16:9 ina kimo cha mita 4.5, kwa hiyo eneo lake ni mita za mraba 36. Gawa 3,000 kwa 36, unabaki na laksi 83, tena kama taa ya projekta ni mpya, na za kukodi mara chache huwa mpya. Sasa tuseme taa ya barabarani inamwaga laksi 20 kwenye ukuta uleule. Weupe wako unakuwa 103 na weusi wako unabaki 20, kwa sababu projekta haiwezi kurusha giza. Weusi wa picha ni ukuta wenyewe ulivyo saa hiyo. Huo ni uwiano wa tano kwa moja tu, na ndiyo sababu picha ilipauka.

Punguza upana uwe mita 4. Eneo linashuka hadi mita za mraba 9, mwanga unapanda hadi laksi 333, na uwiano unapita kumi na saba kwa moja, kwa projekta ileile na kodi ileile. Wengi hung'ang'ania ukubwa wakidhani ndio utakaowashangaza watu, kumbe mtazamaji aliyesimama barabarani huvutwa na weusi uliokolea kuliko mita za ziada. Kabla ya kuchagua ukuta, nenda usiku, saa ileile utakayoonyesha, ukiwa na programu ya simu ya kupima laksi. Ikisoma zaidi ya 30, tafuta ukuta mwingine au zungumza na mwenye duka jirani azime taa yake ya nje kwa nusu saa. Rangi ya ukuta nayo ihesabu: nyeupe isiyong'aa hurudisha mwanga mwingi, ya maziwa iliyoshika vumbi hurudisha kama nusu, na matofali mabichi ya saruji hurudisha kidogo zaidi.

Kuhusu saa, jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza la kutosha huja kama nusu saa baadaye. Tangaza saa moja na nusu usiku, usitangaze kabla ya hapo.

Umbali nao una hesabu yake. Kwenye maelezo ya projekta tafuta uwiano wa urushaji. Ukiwa 1.5, picha ya upana wa mita 4 inataka projekta ikae mita 6 kutoka ukutani. Ukiiweka pembeni na kunyoosha picha kwa kitufe cha ndani, unatupa pikseli na mwanga pamoja nazo. Isogeze stendi kwanza, kisha malizia pembe kwa programu.

Tukija kwenye umeme, projekta za taa ya kawaida zina balbu yenye gesi ya mgandamizo mkubwa. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama wakati balbu bado ina moto mkali, na kihisi cha joto hakitairuhusu iwake mpaka ipoe, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Ikikatiwa hivyo mara kwa mara, balbu inakufa mapema. Projekta yako ikila wati 300 na laptopu 65, UPS, yaani boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ya VA 1,500 (kwa kawaida wati 900 hivi) inawabeba wote wawili kwa dakika chache, na dakika hizo zinatosha kuwasha jenereta. Spika usiziunge kwenye UPS hiyo. Besi ikipiga huvuta umeme kwa mishtuko, na projekta ndiyo itakayoumia. Tena ukipita madukani Kariakoo usidanganywe na kiprojekta kidogo kilichoandikwa “lumeni 9,000” kwenye boksi. Uliza lumeni zilizopimwa kwa viwango vya ANSI au ISO. Muuzaji asipokuwa na jibu, namba ile haina maana.

SWALI: Video zangu za ndani ya maduka zina mistari ya giza inayopanda na kushuka. Nimebadilisha simu, bado. *Msomaji wa Sinza*

JIBU: Simu haina kosa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za tubu na LED za bei nafuu hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) inayobadilika yenyewe, mara nyingi 1/60, na hiyo haigawanyiki sawa na 100. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga mipangilio: fremu 25, shata 1/50 au 1/100. Ukitaka mwendo wa polepole chagua fremu 100 kwa shata 1/100. Ukichagua 120, mwanga utapiga kope na huwezi kuusafisha wote kwenye uhariri.

SWALI: Nimerekodi ndani ya mwendokasi kwa kamera ya nyuzi 360 ya 5.7K. Kwenye simu inapendeza, kwenye miwani inakuwa na ukungu, na watazamaji wawili walivua miwani wakisema wanataka kutapika. Abiria mmoja pia amekatika bega. *Msomaji wa Kimara*

JIBU: Matatizo yako ni matatu, na kila moja lina sababu yake.

Ukungu kwanza. Hiyo 5.7K ni pikseli 5,760 zilizotandazwa kwenye duara zima la nyuzi 360. Miwani humwonyesha mtu kama nyuzi 90 kwa wakati mmoja, yaani robo, kwa hiyo anachokiona kina pikseli 1,440 tu kwa upana, tena karibu kabisa na macho. Maandishi ya kituo hayatasomeka hata ufanyeje. Kamera ya 8K hupandisha robo hiyo hadi 1,920, nafuu ipo ila si muujiza. Dawa iko kwenye upangaji: kile unachotaka kionekane kikae mita 1.2 hadi 2.5 kutoka kwenye kamera. Kamera za nyuzi 360 hazina “mbali kunakopendeza”. Kwenye miwani, mbali ni uji.

Bega lililokatika lilikuwa kwenye mshono. Kamera ina lensi mbili zilizopeana migongo, na kila moja inaona kutoka sehemu tofauti kwa sentimeta kadhaa. Kitu kilicho mbali hakijali tofauti hiyo, lakini aliye chini ya mita moja huonwa na kila lensi kwa pembe yake, na programu inashindwa kuwaunganisha. Elekeza lensi moja moja kwa moja kwenye tukio, na mshono uuelekeze kwenye dirisha au nguzo, mahali ambapo mtu hapiti.

Kutapika ni kwa sababu macho yanasema gari linakwenda na sikio la ndani linasema nimekaa kitini. Basi likifunga breki au kukata kona, ugomvi huo unazidi. Rekodi kipande cha barabara iliyonyooka ambapo basi linakwenda kwa kasi moja, funga kamera kwenye nguzo ya basi isitikisike, na hakikisha viti na madirisha yanaonekana pande zote ili jicho lipate kitu kilichotulia. Kimo kiwe mita 1.2 kama watazamaji wako watakaa, mita 1.5 hadi 1.6 kama watasimama. Kazi nzima isizidi dakika saba.

Joto la hapa pia lizingatie. Kamera hizi ndogo hujizima zenyewe zikipata moto, kwa hiyo rekodi vipande vya dakika tano hadi kumi na usichaji huku ukirekodi. Na ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi, usiitoe kamera kwenye mkoba mara moja, maana hewa yetu ya unyevu itaganda kuwa maji juu ya lensi, wakati mwingine hata ndani yake. Iache mkobani imefungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Nyumbani ihifadhi kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa, lenye pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Unyevu ukizidi sana hapo kuvu huota kwenye kioo, na kuvu ikishakula lensi hakuna fundi atakayeirudisha ilivyokuwa.

SWALI: Shikamooni. Nyumba ya bibi yetu, ya Kiswahili ya zamani yenye baraza na mlango wa mbao uliochongwa, itabomolewa kujengwa ghorofa. Ipo Kariakoo. Ninataka kuipiga picha nyingi niitengeneze upya kwa pande tatu, niitumie kwenye filamu. Nina simu tu. Nilijaribu, nyumba ikatoka vipande viwili na paa likawa kama limeyeyuka. *Msomaji wa Temeke*

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Fanya haraka, na ufanye vizuri, kwa sababu hakuna nafasi ya pili baada ya tingatinga. Simu inatosha.

Tumia lensi kuu ya simu, si ile pana, na usivute picha karibu. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, fremu ya mlalo inabeba ukuta wa kama mita 4. Kila picha inatakiwa irudie kama robo tatu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo hatua yako ni mita 1 ukitembea sambamba na ukuta: simama, piga, songa. Maliza upande mzima, kisha rudia simu ikiwa chini ya kiuno, halafu rudia tena ikiwa juu ya fimbo kama mita 3.

Nyumba ilikatika kwenye kona. Ulipiga upande wa mbele, ukageuka, ukapiga wa ubavuni, na programu haikuona picha yoyote inayobeba pande zote mbili. Kwenye kila kona tembea upinde, ukipiga kila nyuzi 10 hadi 15. Ni picha saba au nane za ziada, na ndizo zinazoifunga nyumba iwe moja.

Paa liliyeyuka kwa sababu bati linang'aa. Programu hutafuta alama zilezile kwenye picha tofauti, na mng'ao huhama kila unapohama. Piga asubuhi saa moja hadi saa mbili kabla jua halijashika, au siku ya mawingu. Masika ni mazuri kwa kazi hii, mvua ikikupa nafasi. Ukuta mtupu uliopakwa chokaa nao hauna alama, kwa hiyo chora misalaba midogo ya chaki kila nusu mita, utaifuta baadaye. Nguo za kwenye kamba ziondolewe uani, na watu wasikae barazani wakati unapiga. Funga mwanga, fokasi na rangi kwenye simu visibadilike katikati. Mlango upige peke yake, picha 30 au zaidi kutoka sentimeta 50, ukizunguka taratibu ili kila mchongo uonekane kutoka pande tatu. Weka utepe wa kupimia uliofunguliwa mita 1 karibu na kizingiti, nao uingie pichani. Bila huo utakuwa na nyumba isiyo na kipimo.

COLMAP na Meshroom ni programu za bure za kujenga umbo, na Blender ni ya bure kwa kulifanyia kazi. Hatua ya kuunda umbo lenye maelezo mengi inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya Nvidia. Ipo pia njia mpya iliyotolewa na watafiti mwaka 2023, wakiwemo wa Inria, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, iitwayo Gaussian splatting, inayojenga mahali kwa mamilioni ya madoa laini ya rangi badala ya umbo gumu. Inabeba mng'ao wa bati na vioo vizuri kuliko ile ya kawaida, lakini haina uso imara wa kupima, na kwa ubora kamili toleo la kwanza lilihitaji kadi yenye kumbukumbu ya GB 24. Huna kadi hiyo leo? Usijali. Tunza picha za asili zote, bila kuzipunguza ukubwa na bila kuzituma kwa WhatsApp, inayozikamua. Ukizitunza, kila njia itakayokuja utaweza kuijaribu kwa nyumba hiyohiyo.

SWALI: Nimemaliza chuo mwaka jana. Ninataka kufanya filamu za majaribio kwa teknolojia mpya na si za hadithi za kawaida. Baba ananiuliza nitakula nini, na sina la kumjibu. Kuna aliyewahi kuishi kwa kazi hii? *Msomaji wa Tabata*

JIBU: Wapo, ila karibu hakuna aliyeishi kwa tiketi za mlangoni. Mmarekani Stan VanDerBeek alitengeneza filamu za kompyuta miaka ya 1960 akishirikiana na Ken Knowlton, mhandisi wa maabara ya utafiti ya Bell Labs aliyekuwa ameunda lugha ya kompyuta ya picha iitwayo BEFLIX mwaka 1963. VanDerBeek hakuwa na kompyuta. Wakati ule kompyuta ilijaza chumba. Alikwenda ilipokuwa, akakaa na wenye nayo. Kuanzia 1975 hadi kufariki kwake 1984 alifundisha chuo kikuu huko Maryland. John Whitney kabla yake alichukua mtambo wa kulengea mizinga ya kutungulia ndege, masalia ya Vita ya Pili ya Dunia, akaugeuza kuwa mashine ya kuchorea filamu. Angalia walivyoingia: hawakuanza kwa kununua kifaa kipya, walianza kwa kumjua fundi.

Kwa Dar es Salaam mlango huo upo. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kijitonyama, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nayo iko Kijitonyama, na DIT, taasisi ya teknolojia, iko katikati ya jiji. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta miradi. Nenda na wazo la ukurasa mmoja na uombe mwenzako mmoja wa kompyuta. Upande wa sanaa kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, na nje kidogo TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo. Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar limekuwapo tangu 1998.

Mjibu baba kwa vyanzo, usimjibu kwa ndoto. Kipo cha kufundisha warsha. Kipo cha kazi za kulipwa: uzinduzi wa bidhaa, harusi kubwa, makanisa na mikutano wanalipa kurushiwa picha ukutani, na ujuzi ni uleule wa kazi yako binafsi. Kipo cha ruzuku na ukaazi wa wasanii. Cha mwisho, na hiki huchelewa, ni kuuza nakala chache za kazi kwa wakusanyaji na majumba ya sanaa. Kawaida ni nakala 3 hadi 5 zenye namba pamoja na moja au mbili za msanii, na kila moja ina hati iliyosainiwa. Ukishaandika 1 kati ya 5, usitoe ya sita.

Maombi ya ruzuku hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna jaribio. Weka sekunde 90 za picha zilizopigwa kweli, hata kama ni mbaya, kwa sababu msomaji wa maombi anataka kujua kifaa kinafanya kazi mikononi mwako. Ya pili, bajeti haina ujira wa msanii. Kuna mistari ya jenereta, usafiri na kamera, kisha jina lako halimo. Jiandike, kwa siku na kwa kiwango, na ongeza akiba ya asilimia 10 hadi 15, kwa sababu kwenye teknolojia mpya lazima kitu kiharibike. Kwenye mkataba tofautisha kuonyesha na kuuza: andika mara ngapi, wapi, hadi lini, na kwamba msimbo wa programu unabaki kuwa wako.

Vifaa, anza na kompyuta nzuri. Miwani kodi au azima. Inazeeka upesi mno kwa mtu anayeanza, na fedha hiyo ingekulipia mwaka wa mazoezi. Chagua kifaa kimoja na kijue mpaka ujue kinavyoshindwa. Anayerukia kila kipya anabaki mwanafunzi wa siku ya kwanza miaka yote, na wanaotoa kazi wanamwona.

SWALI: Tamasha la nje limeniomba DCP. Filamu yangu ni ya fremu 25. Nitalipa nani? *Msomaji wa Mbezi*

JIBU: Usilipe mtu. DCP ni furushi la faili ambalo projekta za kumbi za sinema husoma, na programu ya kulitengeneza, DCP-o-matic, ni ya bure. Uliza tamasha kama wanapokea fremu 25. Wasipokubali, badili iwe 24: itakwenda polepole kwa asilimia 4, hivyo ya dakika 25 itakuwa ya dakika 26 na sauti itashuka kidogo, muziki usikilize upya. Umbo ni 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858. Pikseli 1920 kwa 1080 ziachie programu izizungushie weusi.

SWALI: Ninataka kurusha droni juu ya Feri alfajiri. Kibali napata wapi? *Msomaji wa Kigamboni*

JIBU: Usirushe. Feri ya Magogoni iko jirani na Ikulu na bandari, na utakamatwa kabla betri haijaisha. Kwa maeneo mengine, droni inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuna kibali cha upande wa ulinzi pia. Kupiga filamu kwenyewe ni Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976. Zanzibar ina mamlaka zake, cha bara hakitoshi. Anza wiki kadhaa kabla, na ukishapata nenda na nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa sababu ndiye atakayeitwa kwanza watu wakianza kuuliza. Sura za watu zinazotambulika zichukulie kuwa taarifa binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022. Wasainishe ridhaa, hasa kama utazipitisha kwenye programu ya akili mnemba. Nyimbo nazo zina wenyewe, na mlango wa kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

SWALI: Kazi yangu ya kuingiliana na mtazamaji, niliyoijenga miaka minne iliyopita, haifunguki tena kwenye simu mpya. Nimeitwa kuionyesha. Nifanyeje? *Msomaji wa Upanga*

JIBU: Tafuta kifaa cha zamani chenye mfumo wa wakati ule, kiweke bila intaneti ili kisijisasishe, na uonyeshee hicho. Ndiyo njia ya haraka. Flash, programu iliyokuwa ikichezesha kazi za mtandaoni, ilipoachwa mwisho wa 2020 kazi nyingi zilikufa, kwa hiyo hauko peke yako.

Kuanzia sasa, kila kazi ikimalizika tengeneza folda moja. Ndani iwe na msimbo, picha na sauti za asili, faili ya kusakinishia programu yenyewe, na karatasi ya maandishi tupu inayotaja toleo la kila programu, aina ya kifaa na hatua za kuwasha. Ongeza video isiyokatwa ya mtu mmoja akiitumia kazi toka mwanzo hadi mwisho, sauti yake ikisikika. Kifaa kikifa kabisa, hiyo ndiyo itakayoonyesha jinsi ya kuijenga upya. Tengeneza nakala tatu, mbili kwenye diski za aina tofauti na moja nje ya nyumba unamolala. Diski ziwashe kila miezi sita na ufungue faili kadhaa kwa kubahatisha. Ikichelewa kufunguka au ikitoa mlio wa kugonga, hamisha vyote siku hiyohiyo.